Njia ya Kuelekea Porini: Mahali pa Kukutania pa Hash House Harriers, Kuala Lumpur, 1938–1960

Insha hii inachunguza suala ambalo historia za vilabu vya mbio hulipita haraka, yaani namna wanachama walivyofika mahali pa kuanzia. Klabu inayochunguzwa ni Hash House Harriers, iliyoanzishwa Kuala Lumpur mwaka 1938 na A. S. Gispert, mhasibu, pamoja na Waingereza wenzake. Hoja yake ni kwamba pori waliloliendea halikuwa pori. Lilikuwa mahali pa kazi pa watu wengine, na njia ya kulifikia ilikuwa zao la uchumi wa kikoloni.

Mchezo wenyewe ulitokana na mbio za sungura na mbwa za shule za Uingereza, ambamo mkimbiaji mmoja hutangulia akidondosha vipande vya karatasi na wengine humfuata. Jina la klabu lilitokana na kejeli juu ya chakula kilichopakuliwa katika jengo la Selangor Club. Mbio zilifanyika jioni ya Jumatatu, na mahali pa kukutania palibadilishwa kila mara. Badiliko hilo ndilo lililoipa safari uzito wake: kila wiki mwanachama alipaswa kuutafuta mlango mpya wa shamba, akiiacha barabara ya lami na kushika njia ya udongo mwekundu ambayo mvua iliigeuza tope. Kuchelewa kulikuwa na gharama. Malaya iko karibu na Ikweta, magharibi yake ni mafupi, na aliyepotea njia aliweza kufika giza likiwa limekwisha kuingia.

Njia hizo hazikuchimbwa kwa ajili ya wakimbiaji. Nchi iliyouzunguka mji ilikuwa imegeuzwa mashamba ya mpira na machimbo ya bati. Magari ya shamba yalihitaji barabara ya kusafirishia mazao, na wagema walihitaji vijia kati ya safu za miti. Utomvu hutiririka vizuri zaidi alfajiri, kabla ya joto. Kwa hiyo wagema, wengi wao Watamil kutoka India Kusini, walikuwa wamekwisha kuondoka kwenye miti wakimbiaji walipowasili. Utulivu wa jioni uliowafanya wageni waione nchi kuwa tupu ulitokana na ratiba ya kazi. Vivyo hivyo, mtu asiye na gari, au rafiki mwenye gari, hakuweza kufika kwa urahisi. Umbali peke yake ulitosha kuchuja wanachama, hata kabla ya vikwazo vya rangi na jinsia kuzingatiwa.

Vita vilikatiza desturi hiyo. Gispert aliuawa Singapore mwezi Februari 1942, na klabu ilifufuliwa baada ya vita kumalizika. Haikupita miaka mingi, barabara ileile ikawa hatari. Mwezi Juni 1948, baada ya wasimamizi Wazungu wa mashamba kuuawa Sungai Siput, serikali ilitangaza hali ya hatari. Amri za kutotoka nje zilibana mwendo mashambani. Mwezi Oktoba 1951 Kamishna Mkuu, Henry Gurney, aliuawa katika shambulio la kuvizia barabarani akielekea Fraser's Hill. Ikiwa msafara wa mkuu wa nchi haukuwa salama, safari ya kwenda kucheza ilikuwa imepoteza wepesi wake.

Hata hivyo, mzigo mkubwa zaidi uliwaangukia wakazi. Chini ya mpango ulioanza mwaka 1950, zaidi ya watu 400,000, wengi wao Wachina, walihamishiwa katika Vijiji Vipya vilivyozungushiwa seng'enge. Mkimbiaji aliyekatazwa njia alikosa jioni moja ya burudani. Mkulima aliyehamishwa alikosa nyumba na bustani. Hali ya hatari ilifutwa mwezi Julai 1960.

Inahitimishwa kwamba mahali pa kukutania ni ushahidi wa kihistoria, si mandhari tu. Vilabu vya aina hii vipo pia Nairobi na Dar es Salaam. Mtafiti atakayevichunguza hana budi kuanza kabla ya mbio, aulize barabara ya kufikia ilijengwa kwa kazi gani, na nani alikuwa ameipita asubuhi ya siku hiyo.