Kutoka Bandama ya Panya hadi Tangazo la Kura

Ukishuka kituo cha St. Patrick mjini Toronto ukatembea kuelekea kaskazini kwa Barabara ya University, utapita hospitali nne kubwa: ya watoto, Mount Sinai, Princess Margaret na Toronto General. Mbele yako barabara inaishia kwenye jengo la Bunge la jimbo la Ontario, pale Queen's Park. Mgonjwa aliyelazwa na mwanasiasa anayeomba kura wako mwendo wa dakika chache tu. Kwa miaka mia sasa wawili hao wamehitajiana, mara kwa heri, mara kwa aibu.

Heri ilitangulia. Januari 1922, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini katika Hospitali ya Toronto General. Alikuwa amekonda kwa kisukari, akapata nafuu kiasi cha kuongezewa miaka. Wagunduzi waliikabidhi hataza yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja.

Ugunduzi uliofuata haukupigiwa ngoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Princess Margaret ilikuwa bado Barabara ya Sherbourne, upande wa mashariki. Humo walifanya kazi watu wawili wasiofanana: Ernest McCulloch, daktari mwana wa Toronto, na James Till, mwanafizikia aliyekulia shambani katika nyanda za magharibi. Walikuwa wakipima ni mionzi kiasi gani uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa, unaweza kuihimili. Waliwachoma panya kwa mionzi hadi uloto wao ukafa, kisha wakawadunga seli za uloto wa panya wazima. Jumapili moja McCulloch alikwenda maabara kuwakagua. Alipowapasua alikuta bandama zao zimeota vinundu. Akavihesabu. Idadi ya vinundu ilipanda sawasawa na idadi ya seli zilizodungwa: takriban kinundu kimoja kwa kila seli 10,000.

Hesabu hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Kama kinundu kizima kimetokana na seli moja tu, basi mwilini mna seli zinazoweza kujizaa na pia kuzaa seli za aina nyingine. Matokeo yalichapishwa 1961, na mwaka 1963, pamoja na mwanafunzi wao Andrew Becker, wakathibitisha kwamba kila kinundu kina asili moja. Hizo ndizo seli shina za damu. Tuzo ya Lasker iliwafikia mwaka 2005, miaka 44 baada ya matokeo yale kuchapishwa. Naitaja miaka hiyo kwa makusudi, kwa sababu tangazo la kampeni huchukua sekunde 30.

Oktoba 1993 Kanada ilijifunza kitu kuhusu sekunde hizo. Chama cha Progressive Conservative, kilichokuwa kikitawala, kilirusha tangazo lenye picha za karibu za uso wa Jean Chrétien, kiongozi wa Liberal, huku sauti zikiuliza kama huyu anafaa kuwa waziri mkuu, na moja ikisema ingeona haya. Upande mmoja wa uso wa Chrétien ulikuwa umepooza kiasi tangu alipokuwa mdogo. Nchi ilikasirika, wakiwemo wagombea wa chama chenyewe, na Waziri Mkuu Kim Campbell akaamuru tangazo liondolewe. Chrétien alijibu kwa upole kwamba amezoea kuchekwa tangu utotoni, na kwamba Mungu alimjalia mengine. Chama tawala kilibaki na viti viwili. Tangazo peke yake halikukiangusha. Kilikuwa kinazama tayari. Lakini Wakanada walielewa siku ile kwamba mwili wa mtu si mali ya mpinzani wake.

Mwezi uliofuata, bila kelele, Tume ya Kifalme iliyoongozwa na Patricia Baird ilitoa ripoti yake kuhusu teknolojia mpya za uzazi. Ilichukua miaka zaidi ya kumi kuigeuza kuwa sheria. Sheria ya Machi 2004 iliruhusu watafiti kutumia viinitete, chanzo kingine cha seli shina, vilivyobaki katika matibabu ya uzazi, kwa ridhaa ya wenyewe, na ikakataza kuunda kiinitete kwa ajili ya utafiti tu. Mei mwaka huo huo Mahakama ya Juu, katika kesi iliyofunguliwa na mwanasiasa Stephen Harper, ilikubali ukomo wa fedha ambazo makundi ya nje ya vyama yanaweza kutumia kwenye matangazo ya uchaguzi, ili wenye fedha wasizizime sauti za wengine. Mwaka 2005 András Nagy na wenzake wa Mount Sinai wakapata mistari ya kwanza ya Kanada ya seli shina za kiinitete cha binadamu.

Ng'ambo ya mpaka suala hilo hilo liliamuliwa kwenye televisheni. Rais Bush wa Marekani alikuwa amebana fedha za serikali kuu kwa utafiti wa seli shina za kiinitete tangu Agosti 2001. Oktoba 2004, siku moja baada ya kifo cha mwigizaji Christopher Reeve aliyevunjika shingo, mgombea mwenza John Edwards aliwaambia watu wa Iowa kwamba mgombea urais wake, John Kerry, akishinda, watu kama Reeve watainuka kwenye viti vya magurudumu na kutembea. Maneno hayo nayahesabu kuwa dhambi kubwa kuliko kejeli nyingi za kampeni. Aliyelala kitandani huyashika kama kamba.

Miaka miwili baadaye, Michael J. Fox, Mkanada mwenye ugonjwa wa Parkinson, alitokea kwenye tangazo la Missouri akimwombea kura Claire McCaskill, mgombea useneti aliyeunga mkono utafiti huo, mwili ukiyumba. Mtangazaji wa redio Rush Limbaugh alisema anaigiza au hakunywa dawa. Kumbe kuyumba kule kulitokana na dawa zenyewe. Wapinzani wa utafiti huo walijibu kwa tangazo la wanamichezo na waigizaji. McCaskill alishinda kwa tofauti ndogo ya kura.

Nimelifikiria sana tangazo la Fox. Kulikuwa na upungufu ndani yake: lilimsema Seneta Jim Talent, mpinzani wa McCaskill, kwamba alitaka kuufanya utafiti huo kosa la jinai, ilhali mswada aliokuwa ameuunga mkono, kisha akajitoa, ulihusu uundaji wa nakala za binadamu (cloning). Hilo lilipaswa kusemwa wazi. Lakini mwili ulikuwa wake, aliutoa mwenyewe, wala hakuahidi kwamba mtu atapona mwaka kesho. Chrétien alinyang'anywa uso wake, Fox alijionyesha. Hapo ndipo ninapochora mstari.

Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba ya selimundu inayorekebisha seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe: ukoo wa vinundu vya Sherbourne, bila kiinitete. Ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2. Nchini Tanzania huzaliwa takriban watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza 2023 kuwapandikiza watoto uloto wa ndugu zao. Toronto nako, familia zetu zenye mtoto anayeumwa mifupa usiku wa baridi hutafuta mchangiaji wa uloto kwenye orodha ambamo watu weusi bado ni wachache. Uloto wa ndugu usipolingana na wa mtoto, wanasubiri simu.