Mkojo wa Saa Sita Mchana

Mtafiti wa kichocho aliyeomba mkojo wa mtoto wa shule Msambweni, pwani ya Kenya, aliutaka kwa saa yake: baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Minyoo ya kichocho humwaga mayai kwa wingi jua likiwa juu, na mkojo wa alfajiri unaweza kumponyoka mpimaji. Mililita 10 zilichujwa, kisha mayai yenye mwiba nchani yakahesabiwa kwa hadubini. Yakifika 50, mtoto aliwekwa kwenye kundi la walioathirika sana.

Kuanzia miaka ya 1980, Wizara ya Afya ya Kenya na Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani waliifanya Msambweni kuwa uwanja mkubwa wa utafiti wa kichocho. Sababu ilikuwa mabwawani, walikoishi konokono wa jamii ya Bulinus na watoto wakaja kuoga. Dawa mbili zilishindanishwa huko, praziquantel na metrifonate. Hiyo ya pili ni ndugu wa sumu za kuulia wadudu: hudhoofisha kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi ndani ya damu. Hadi leo, kupungua kwa kimeng'enya hichohicho ndiko kunakomfichulia daktari mkulima aliyedhurika kwa dawa ya kunyunyizia mimea. Praziquantel ilibaki, kwa kuwa dozi moja ilitosha. Metrifonate ikaondoka sokoni.

Kwa matende na mabusha, saa iligeuka. Vijinyoo vyake hujitokeza kwenye damu ya pembeni usiku, wakati mbu wanapouma, kwa hiyo wapimaji walilazimika kubisha hodi watu wakijiandaa kulala.

Mgeni mwenye sindano na vichupa, gizani, katika pwani inayomjua mumiani! Neno hilo kwanza lilikuwa jina la dawa iliyoletwa kutoka Uajemi. Baadaye, enzi ya ukoloni, likawa jina la mnyonya damu anayekamata watu ili achukue damu yao. Wakubwa wengi waliita hofu hiyo ushamba. Walikosea. Mzazi aliyeuliza damu ya mwanawe inakwenda wapi, na nani atamrudishia jibu, aliuliza swali lililostahili kujibiwa kabla ya sindano kuguswa.

Karatasi ilipunguza uzito wa sindano. Robert Guthrie, huko Marekani, alionyesha mwaka 1963 kwamba matone machache ya damu ya kisigino cha mtoto mchanga, yakikaushwa kwenye karatasi ya kuchujia, yanatosha kugundua ugonjwa wa kurithi. Kwa zahanati isiyo na umeme hilo ni jambo kubwa: kidole kinadungwa, duara linajaa, karatasi inaanikwa kivulini, inatiwa kwenye mfuko pamoja na kidonge cha kunyonya unyevu, kisha inasafiri bila barafu.

Sumu nayo huacha alama, ila kila alama ina umri wake. Aliyekula mahindi yenye sumukuvu, mkojo wake husimulia chakula cha jana na juzi. Damu hukumbuka zaidi: sumu iliyojishika kwenye protini ya albumini hudumu wiki kadhaa. Kenya ililijua hilo kwa uchungu mwaka 2004, sumukuvu ilipowaugusha watu 317 Makueni, Kitui na jirani zake, na 125 wakafa. Baadaye sampuli 600 za damu, zilizochukuliwa nchini mwaka 2007 kwa uchunguzi wa Ukimwi, zilipimwa upya. Asilimia 78 zilikuwa na alama ya sumukuvu. Damu iliyotolewa kwa swali moja ilijibu jingine.

Ukitoka Msambweni, ukivuka Likoni na kukipita kisiwa cha Mombasa, utafika Owino Uhuru, kijiji kilichopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, aliyefanya kazi humo, mwanawe alipougua alidai apimwe, na damu ikaonyesha madini ya risasi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Watoto walipopimwa baadaye, wastani wao ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita; katika mtaa wa Bangladesh, usiopakana na kiwanda hicho, ulikuwa 3.7. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, matokeo ya damu yao yakiwa sehemu ya ushahidi.