Usingizi na Ushindi

Mji wa Elburgon uko kati ya Njoro na Molo, pembeni mwa msitu wa Mau, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku wake ni wa baridi, na blanketi huko ni rafiki mkubwa. Hata hivyo, kabla ya mapambazuko watu wa namna mbili huwa wamekwisha kuamka katika nyanda hizi za juu: mkimbiaji anayefunga viatu vyake, na mwanafunzi anayefungua kitabu chake. Wote wawili husifiwa kwa bidii. Lakini ni nadra mtu kuwauliza swali lililo kubwa kuliko la saa waliyoamka: Je, jana mlilala saa ngapi?

Tangu zamani usingizi umesingiziwa mengi. Umeitwa ndugu wa mauti, na aupendaye ameitwa mvivu. Hata wataalamu wengi walidhani kwamba ubongo wa mtu aliyelala huwa kama taa iliyozimwa. Dhana hiyo ilivunjika mwaka 1953, wakati Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walipotangaza kwamba kuna vipindi ambapo macho ya aliyelala huenda mbio chini ya kope zake, na ubongo wake hufanya kazi karibu sawa na wa mtu aliye macho. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba usingizi huenda kwa mizunguko, na kila mzunguko huchukua yapata dakika 90. Katika mizunguko ya kwanza huja usingizi mzito. Wakati huo mwili humimina katika damu homoni ya ukuaji, isaidiayo kutengeneza misuli iliyochakaa kwa kazi ya mchana. Katika mizunguko ya mwisho, karibu na alfajiri, ndoto huongezeka. Aidha, ubongo hutumia usingizi kuyaimarisha mambo uliyojifunza. Basi mtu akatishaye usingizi hapunguzi starehe tu, bali huikatiza kazi kabla haijaisha.

Wako watakaobisha kwa kulitaja jina la Kipchoge Keino. Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, mwaka 1968, Keino aliugua maradhi ya kifuko cha nyongo. Alipokuwa akikimbia mita 10,000 maumivu yalimwangusha, na daktari akamwonya asikimbie tena. Hakusikia. Alipata medali ya fedha katika mita 5,000. Kisha, tarehe 20 Oktoba, akaondoka kitandani kwenda kushindana katika mita 1,500. Gari alilopanda likakwama katika msongamano, naye akashuka akakimbia hadi uwanjani. Huko alimshinda Jim Ryun wa Marekani na kupata dhahabu kwa muda wa dakika 3 na sekunde 34.9.

Habari hii ni ya fahari, lakini mafunzo yake hugeuzwa. Kijana husema, "Ikiwa Keino alishinda hali mgonjwa, mimi nitashindwaje kwa kukosa usingizi?" Husahau kwamba Mexico City iko yapata mita 2,240 juu ya bahari, kwenye hewa hafifu, na kwamba Keino alikulia katika vilima vya Nandi na kujizoeza kwa miaka mingi. Siku ile alikuwa akitoa akiba ghalani. Asiyeweka kitu ghalani, siku ya dhiki atatoa nini?

Namna ya kuweka akiba hiyo tunaiona kwa Mkenya mwingine, Eliud Kipchoge, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili, na ambaye tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Katika kambi yake ya Kaptagat, chini ya mwalimu wake Patrick Sang, kulala mapema, yapata saa tatu usiku, kulikuwa sehemu ya kazi kama kukimbia kwenyewe; na mchana, baada ya mazoezi ya asubuhi, alipumzika tena. Wala jambo hili si la wakimbiaji wa masafa peke yao. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza habari za wachezaji 11 wa mpira wa kikapu waliorefusha usingizi wao kwa majuma kadhaa. Mbio zao fupi za majaribio zilipungua kutoka sekunde 16.2 hadi 15.5, na shabaha yao ikaongezeka.

Msomaji kijana, wataalamu wanashauri kwamba mtu wa umri wako alale saa 8 hadi 10 kila usiku. Alalaye saa tano usiku na kuamka saa kumi alfajiri amepata saa 5 tu. Ataonekana mwenye bidii gizani, kisha asinzie darasani jua linapowaka, na uwanjani miguu yake itakuwa mizito. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Usingizi ni kivuli hicho: ndipo jasho la mchana linapogeuka kuwa nguvu, na somo la mchana kuwa elimu. Kesho alfajiri, baridi ya Mau itakapokuamsha, ushindi wako utakuwa umekwisha kuanza tangu saa uliyozima taa.