Picha ya mapafu na mionzi yake: kutoka Röntgen mpaka Corona

Kata ya Lac Vert iko magharibi mwa mji wa Goma, kwenye barabara ya kwenda Sake. Huko kikohozi hakikosi. Familia zilizokimbia vita zililala miaka katika vibanda vya plastiki juu ya mawe ya volkano, baridi ya usiku na moshi wa makala vikiwa pamoja nao. Daktari anapoomba picha ya radio ya kifua, wazazi wengi huuliza: mionzi hiyo haitamletea mtoto kansa? Swali hilo lina historia ndefu.

Tarehe 8 Novemba 1895, Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua mionzi inayopita katika nyama ya mwili na kuonyesha mifupa. Dunia ilishangilia, lakini wengi hawakujikinga. Huko Marekani Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, aliiweka mikono yake mbele ya mashini mara nyingi. Iliungua, ikapata kansa, ikakatwa. Edison aliiacha kazi hiyo, na Dally akafa mwaka 1904. Ndipo mwaka 1928 wataalamu walikutana Stockholm na kuunda kamati ya kimataifa ya kuwakinga watu na mionzi.

Wakongo wana sababu yao ya kuogopa neno hilo. Uranium ya Shinkolobwe, kule Katanga, ilitumika kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Lakini picha ya hospitali si madini. Mashini ikizimwa, mionzi imekwisha. Haibaki mwilini, wala mgonjwa hamwambukizi jirani.

Mwaka 1971, hospitali moja ya London ilimpiga mgonjwa wa kwanza picha ya skana, mashini ya Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza hesabu zake akiwa Cape Town. Skana inaona mengi, lakini ina bei yake. Radio ya kifua inatoa karibu milisiverti 0,1. Skana ya kawaida ya kifua inatoa kama 7. Ardhi na anga peke yake humpa mtu wastani wa 2,4 kwa mwaka.

Kisha ikaja Corona. Februari 2020, jimbo la Hubei, China, lilikosa vipimo vya kutosha vya maabara, likaanza kuhesabu pia wagonjwa waliotambuliwa kwa skana. Siku moja tu zilitangazwa kesi karibu 15.000. Wagonjwa wengine walipigwa skana mara kwa mara, vijana na watoto wakiwa kati yao. Wataalamu wakauliza: je, lazima mionzi iwe mingi hivyo?

Jibu lilikuwa limekwisha kuanza kwingine. Mwaka 2011, utafiti mkubwa wa Marekani juu ya kansa ya mapafu ulionyesha kwamba skana ya milisiverti 1,5 hivi inatosha kuona vivimbe vidogo. Sababu ni rahisi: pafu limejaa hewa, kwa hiyo doa la ugonjwa linaonekana wazi hata picha ikiwa na ukungu kidogo. Basi fundi anapunguza nguvu ya umeme wa mashini, anapiga kifua peke yake bila kushuka tumboni, anapiga mara moja tu, na kompyuta inasafisha picha.

Juni 2020, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtu asiye na dalili asipigwe picha ya kifua ili kutafuta Corona. Mwenye dalili apigwe pale ambapo kipimo cha maabara hakipo au kinachelewa. Mwongozo ulikumbusha pia kwamba radio ina mionzi kidogo kuliko skana, na ekografi haina kabisa.

Kwa watu wa Lac Vert, somo liko hapa. Mionzi ya radio moja ni kidogo. Kuikataa wakati daktari anashuku nimonia au kifua kikuu ni hatari kubwa zaidi. Mionzi ya bure ni ile ya picha inayorudiwa kwa sababu ya kwanza imepotea. Februari 2025, kambi za upande huu, Bulengo ikiwa kati yao, zilifungwa na watu wakabeba mizigo tena. Katika safari kama hiyo, picha ya radio ifungwe pamoja na karatasi ya chanjo na kadi ya uchaguzi. Mama mwenye mimba aseme kabla hajaingia chumbani. Na kila mgonjwa ana haki ya kuuliza: daktari, picha hii itabadilisha dawa yangu? Kama haitabadilisha, pengine haihitajiki.