Tuwahoji Wazee, Tusiwaombe Nasaha Tu



Siku hizi redio zetu za jamii zimejenga desturi ya kupendeza. Mtangazaji hubeba kinasa sauti, huingia mitaani, akaketi na mzee kwenye kivuli na kumwomba asimulie maisha yalivyokuwa. Hapa Chang'ombe, na ninasema Chang'ombe ya Dodoma, si ile ya Temeke, vipindi vya namna hiyo vina wasikilizaji wengi. Mama muuza mboga huongeza sauti ya redio yake, na fundi baiskeli huacha nyundo kidogo ili asikie vizuri.

Desturi ni njema. Hata hivyo, mara nyingi mzee huulizwa maswali matatu yale yale. Zamani maisha yalikuwaje? Vijana wa leo unawaonaje? Una nasaha gani kwa taifa? Naye, kwa kuwa ni mtu wa adabu, hujibu kwamba zamani kulikuwa na heshima, vijana wa leo wana haraka, na watu wapendane. Wimbo unapigwa, kipindi kinakwisha. Mzee amepewa heshima yake, lakini sisi hatukujifunza lolote ambalo hatukulijua asubuhi.

Tukumbuke tulikotoka. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miaka mingi redio ilikuwa ndiyo msemaji, wananchi wakiwa wasikilizaji. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakajadili na kwenda kuchimba vyoo. Ilikuwa kazi kubwa, lakini neno lilitoka studioni kwenda kijijini. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa vituo visivyo vya Serikali. Leo neno linaweza kutoka kijijini kwenda studioni. Itakuwa hasara kubwa kama tutaitumia nafasi hiyo kukusanya salamu tu.

Tunao mfano wetu wenyewe wa kazi hii ilivyofanywa barabara. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa kusini kuwatafuta wazee walioiona Vita ya Maji Maji ya mwaka 1905 hadi 1907. Vita ilikuwa imetimiza miaka 60, na waliopigana walikuwa wamebaki wachache. Wanafunzi hawakuomba nasaha. Waliuliza maji yaligawiwa na nani, yalipita njia gani, nani alikubali na nani alikataa. Majibu yale yalibadili historia iliyokuwa imeandikwa kwa kutegemea majalada ya Wajerumani. Wangechelewa miaka kumi zaidi, wengi wa mashahidi wale wangekuwa makaburini.

Wapo wanaosema mzee asiyejua hata mwaka aliozaliwa hawezi kuwa shahidi wa historia. Hayo ni maneno ya mtu asiyejua kuuliza. Wazee wa Ugogo wanayo kalenda yao, nayo ni kalenda ya njaa na matukio. Mwulize bibi alikuwa na umri gani Waingereza walipokuja kulima karanga Kongwa. Akikujibu kwamba alikuwa akichunga ndama, umeshapata jibu: mpango wa karanga ulianza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, na mtoto wa kuchunga ndama ana miaka sita au saba. Bibi huyo alizaliwa kati ya mwaka 1940 na 1945. Hesabu hiyo haihitaji cheti, inahitaji subira.

Njaa nazo zina majina, na katika majina hayo mna elimu. Njaa kubwa ya mwaka 1917 hadi 1920 Wagogo waliiita Mtunya, jina lenye maana ya kugombania. Jina lenyewe linakueleza kwamba lililowaumiza watu halikuwa ukame peke yake. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Mvua ilipokosekana, ghala zilikuwa tupu, zizi tupu, na mikono ya kulima haipo. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 30,000 walikufa. Leo hakuna aliye hai aliyekuwa mtu mzima wakati huo, lakini wapo waliosimuliwa na mama zao waliookoka. Wao ndio mkono wa mwisho uliogusa mkono wa shahidi.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Mwaka 1971 ulifanyika mpango uitwao Operesheni Dodoma. Wananchi waliokuwa wakiishi mbalimbali katika matembe yao walihamishiwa katika vijiji. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa Chamwino na kushiriki kufyatua matofali. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka ule, leo amekwisha kupita 70. Yaani tumefika pale pale walipofika wale wanafunzi wa mwaka 1968. Mlango bado uko wazi, lakini hautakuwa wazi siku nyingi.

Katika mazungumzo yangu na wazee nimeona kwamba juu ya jambo hilo hawasemi kauli moja. Yupo anayekumbuka shule ya kwanza, zahanati, na bomba la maji. Yupo anayekumbuka tembe lililoachwa likabomoka, na shamba lililobaki mbali na nyumba mpya. Mtangazaji mvivu atamchagua mmoja na kumfuta mwingine, kulingana na siasa anayoipenda. Mimi nasema wote wawili watangazwe. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, maana kijiji kimoja kiliweza kumpa mtoto shule na kumnyima mama yake shamba la karibu. Tena wanawake waulizwe peke yao, si mbele ya waume zao. Mwanamume atakwambia amri ilitoka wapi. Mwanamke atakwambia maji yalichotwa wapi, kuni zilikatwa wapi, na mtoto alizaliwa chini ya mti gani siku ya kuhama.

Kwa Chang'ombe jambo hili si la zamani hata kidogo. Tangu TANU iamue mwaka 1973 kwamba Dodoma iwe makao makuu, ardhi hapa imekuwa na thamani nyingine. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliundwa mwaka ule ule, na ikavunjwa mwaka 2017. Hata hivyo mitaa kama huu ulikua kwa mikono ya watu wenyewe, wakijenga kabla ya kupimiwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatuletea wageni kutoka Dar es Salaam kwa saa chache tu. Anayekuja leo anaona kiwanja chenye namba. Mzee anaona shamba la fulani, njia ya ng'ombe, kaburi, na korongo ambalo masika huleta maji hata kama ramani imelisahau. Ukimpuuza katika hilo la korongo, mvua itakuja kukukumbusha.

Sisemi kwamba kila neno la mzee ni kweli tupu. Mzee husahau, hupendelea ukoo wake, na pengine hupamba. Dawa yake ni kuwauliza wazee watatu badala ya mmoja, na kulinganisha maneno yao na maandishi. Marehemu Mathias Mnyampala, mtoto wa Ugogo huu huu, alikusanya historia na mila za Wagogo na kuzichapa mwaka 1954. Kitabu hakikumaliza kazi. Kilituonyesha tu kwamba inawezekana.

Ombi langu kwa wakuu wa vituo ni dogo. Mazungumzo ya saa nzima yakikatwa yawe dakika kumi za hewani, yale mengine hamsini yasifutwe ili kupisha kipindi kipya. Yaandikwe tarehe, kijiji na jina la msemaji akiridhia, yahifadhiwe, na nakala moja wapewe jamaa zake. Wajukuu watakuja kuyatafuta.

Nawe msikilizaji, usimngoje mtangazaji. Jumapili hii ukifika kwa babu au bibi, ukishasema mbukwenyi na kupokea uji, keti. Mwulize mwaka 1971 alilala wapi.