Sumaku katika biashara ya shaba na vyuma: inachoonyesha na isichoonyesha

KILWA/NCHELENGE – Ziwa Mweru ni mpaka wa Zambia na Kongo, na pia limewahi kuwa njia ya shaba. Jina Kilwa liko pande zote mbili: kisiwa upande wa Zambia, mji upande wa Kongo. Mgodi wa Dikulushi, kaskazini mwa mji huo, ulipoanza uzalishaji mwaka 2002, makinikia ya shaba na fedha yalivushwa ziwani kutoka Kilwa hadi Nchelenge, kisha yakaendelea kwa malori.

Mnunuzi wa shaba chakavu anaweza kukagua mzigo kwa sumaku ndogo ya mfukoni. Lakini asiyejua mipaka ya kifaa hicho anaweza kupoteza mtaji.

Kuvutana na kusukumana

Kila sumaku ina ncha mbili, kaskazini na kusini. Ncha tofauti huvutana, zinazofanana husukumana. Metali za kawaida zinazonaswa kwa nguvu ni chuma, nikeli na kobalti. Shaba, alumini, risasi, zinki, fedha na dhahabu hazinaswi.

Kukagua mzigo

1. Ikinasa: waya wenye rangi ya shaba ukinaswa, ndani mna chuma kilichopakwa shaba. Haustahili bei ya shaba.

2. Isiponasa: hiyo si hakikisho kwamba ni shaba. Shaba ya njano, alumini na baadhi ya vyuma visivyoshika kutu pia havinaswi. Kwaruza kwa tupa uone rangi ya ndani, kisha pima uzito. Shaba yenye ujazo wa lita 1 ina karibu kilo 9, alumini kilo 2.7.

3. Mawe ya madini: kobalti safi hunaswa, lakini katika mawe ya Katanga mara nyingi imeungana na oksijeni, na sumaku ya mkononi haiyavuti. Jiwe likinaswa, huenda lina madini ya chuma tu. Kiwango cha madini hupimwa maabara.

Kuinua mizigo

Mwingereza William Sturgeon alionyesha sumaku ya umeme mwaka 1825: waya uliozungushwa kwenye chuma huwa sumaku umeme unapopita. Kreni za vyuma chakavu hutumia njia hiyo. Umeme ukikatika, mzigo huanguka, kwa hiyo utingo na wapakiaji wasisimame chini yake. Migodini, sumaku huning'inizwa juu ya mkanda wa kusafirishia mawe ili kunasa boliti na vipande vya chuma kabla havijaharibu mashine ya kusaga.

Sumaku huweza kuinua hata treni. Ile ya Shanghai, China, iliyozinduliwa mwaka 2002, huelea karibu milimita 10 kutoka kwenye reli yake kwa nguvu ya mvutano.

Tahadhari kwa wasafirishaji

Spika kubwa zina sumaku. Zikipakiwa karibu na dira ya boti, sindano hupotoka na nahodha akapotea njia ziwani. Sumaku zenye nguvu zikipelekwa kwa ndege huweza kuhesabiwa kuwa mzigo hatari. Zitaje mapema kwa wakala wa mizigo. Na mbili kubwa zisifunguliwe pamoja: zikivutana ghafla, huponda vidole.