Sikukuu Iliyotangulia Kanisa

Baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, vijiji vya Masasi na Newala vilipeleka wavulana jandoni. Siku ya kuwatoa ilikuwa sikukuu ya kijiji kizima: ngoma, pombe, nguo mpya, jina jipya. Asiyepita huko alibaki mtoto, hata akiota ndevu.

Wamisionari wa Kianglikana walifika Masasi mwaka 1876, wakaikuta sherehe hiyo ina nguvu kuliko mahubiri yao. Majirani zao, Wabenedikto wa Ndanda, mwanzoni waliikataza. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, hakuikataza. Padri aliingia jandoni, msalaba ukasimama mahali pa matambiko, na wavulana walipotoka walipokewa kwa sala.

Sifa hupewa Lucas. Lakini bila mapadri Waafrika na wazee wa jando, nani angemwonyesha kipi kiachwe na kipi kisiguswe? Unyago wa wasichana ulimshinda zaidi, kwani siri zake zilikuwa mikononi mwa makungwi. Kwa hiyo kanisa halikuwaletea watu hawa sikukuu. Liliikuta, likaomba nafasi uwanjani.